Karatasi Ukutani: Maonyesho ya Kazi za Art Spiegelman

Hadithi ya michoro hufanywa ili isomwe mkononi. Mchoraji huigawa karatasi yake katika visanduku, hutia picha na maneno ndani yake, kisha huipeleka kwa mpiga chapa. Na kile kitokacho kwa mpiga chapa, yaani kitabu au gazeti la bei ndogo liwezalo kukunjwa na kutiwa mfukoni, ndicho kazi yenyewe. Karatasi ya kwanza iliyoguswa na kalamu ni njia tu ya kufikia huko, kama kalibu ilivyo kwa mfua fedha. Kwa sababu hiyo, nyumba ya makumbusho inapotaka kumheshimu mchoraji wa namna hii hukabiliwa na swali ambalo halipo inapomheshimu mchoraji wa picha za ukutani: itundike nini? Ikitundika karatasi ya asili, imetundika kitu kisichokusudiwa kutazamwa na watu. Ikitundika kitabu, imetundika kitu ambacho kila mtu aweza kukinunua dukani na kukisoma vizuri zaidi akiwa ameketi nyumbani kwake.

Swali hilo lilipata jibu la kufikiriwa katika maonyesho makubwa ya kazi za Art Spiegelman, mchoraji wa Marekani, yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya Kiyahudi ya New York tarehe 8 Novemba 2013 na kufungwa tarehe 23 Machi 2014. Maonyesho hayo yaliitwa Co-Mix, na maelezo yaliyofuata jina hilo yalitaja mambo matatu: katuni, michoro na mabaki ya karatasi. Yalikuwa yamekwisha safari ndefu kabla ya kufika kwao. Yalianzia Angoulême, Ufaransa, mwanzoni mwa 2012, yakaenda Paris katika jumba la Pompidou, yakavuka kwenda Köln, Ujerumani, kisha Vancouver, Kanada. Na baada ya New York yakapelekwa Toronto. Chanzo cha safari hiyo kilikuwa tuzo. Mwaka 2011 mji wa Angoulême, ambao kwa miaka mingi umekusanya wachoraji wa hadithi za michoro kutoka pande nyingi za dunia, ulimpa Spiegelman tuzo yake kuu. Na wakati huo ilikuwa desturi ya mji huo kwamba mwenye tuzo alisimamia sherehe za mwaka uliofuata. Tuzo hiyo nayo ilikuwa imetanguliwa na nyingine, maana mwaka 1992 kitabu chake Maus kilipata tuzo maalumu ya Pulitzer, heshima ambayo hadithi ya michoro haikupata kuipewa kabla ya hapo.

Mtu anayesifiwa hivyo yafaa ajulikane kwa ufupi. Spiegelman alizaliwa Stockholm, Sweden, mwaka 1948. Wazazi wake, Vladek na Anja, walikuwa Wayahudi wa Poland waliookoka katika kambi ya mauti ya Auschwitz. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, hakuokoka. Familia ilihamia Marekani ilipofika 1951, na kijana akakulia Queens, katika mji wa New York. Mwaka 1968 mama yake alijiua bila kuacha barua. Miaka minne baadaye mchoraji alitoa kurasa tatu za kwanza zenye jina Maus katika gazeti dogo la wachoraji wenzake, na mwaka 1978 akarudi kwa baba yake na chombo cha kunasia sauti, akamketisha na kumwuliza habari za vita tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ilichukua miaka kumi na mitatu. Buku la kwanza lilitoka 1986, na la pili 1991. Baba hakuyaona yote mawili, kwani alifariki 1982.

Yaliyotundikwa New York yalipita mipaka ya Maus. Palikuwapo magazeti ya ujana wake, yaliyochapishwa katika miaka ya 1960 na 1970 na kundi la wachoraji waliokataa kutii masharti ya wachapaji wakubwa. Palikuwapo kadi na vibandiko vya mzaha alivyochorea kampuni ya chingamu iitwayo Topps, kazi iliyompa posho kwa muda wa miaka ipatayo ishirini. Palikuwapo jarida la RAW, alilolianzisha 1980 pamoja na mkewe Françoise Mouly. Majalada aliyolichorea jarida la New Yorker. Vitabu vya watoto. Michoro ya utenzi wa Joseph Moncure March alioutilia picha 1994. Na kurasa pana za In the Shadow of No Towers, kitabu cha 2004 juu ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Hata dirisha la vioo vya rangi alilolibuni kwa ajili ya shule aliyosomea, na mchezo aliowatungia wacheza ngoma wa kundi la Pilobolus, vilipewa nafasi.

Upana huu una faida na una hasara. Faida yake ni kwamba unamwonyesha mtazamaji fundi ambaye hakuona haya kuuza mzaha wa kadi za watoto asubuhi, na jioni akachora mauti ya jamaa zake. Mkono ni mmoja. Ucheshi mkali wa kadi za chingamu, unaoteka macho kwa nukta moja ya wakati, ndio uliomfunza kusema jambo kubwa katika nafasi ndogo. Hasara yake ni kwamba kila kitu kikitundikwa kwa heshima moja, mtazamaji aliyechoka hushindwa kupambanua kati ya kile kilichofanywa kwa ajili ya kodi ya nyumba na kile kilichofanywa kwa sababu mtu asingeweza kuishi bila kukifanya. Makumbusho hayana budi kukusanya. Lakini kukusanya si kupima, na kazi ya kupima huachiwa mgeni mwenyewe.

Jambo la kwanza la kupimwa ni uhusiano wa kusoma na kutazama. Mwenye kutazama picha iliyotundikwa husimama mbali kidogo, akaipokea yote kwa mara moja. Mwenye kusoma hadithi ya michoro hufanya kazi mbili pamoja: jicho lake huona ukurasa mzima kama ramani, na wakati uo huo hutembea kisanduku baada ya kisanduku kama msafiri ndani ya ramani hiyo. Spiegelman aliijua siri hii kuliko wengi. Katika buku la kwanza la Maus, Vladek na Anja wanaonekana wakitembea wakiwa hawana pa kwenda, na njia panda wanayoiendea imefanywa kwa umbo la msalaba wa Kinazi. Msomaji aendaye mbio hupita juu yake bila kuutambua. Arudipo nyuma hugundua kwamba ardhi yenyewe ilikwisha kuwahukumu. Katika buku la pili, baba na mwana wanakwenda dukani kwa gari katika misitu ya jimbo la New York, na baba anasimulia habari za wasichana wanne walionyongwa Auschwitz. Miguu ya wasichana hao inaning'inia kwenye miti ya Marekani, juu ya gari. Miaka zaidi ya thelathini imefutwa ndani ya kisanduku kimoja. Hapana maelezo yanayotolewa, wala hayahitajiwi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Maarifa ya namna hii hayafi yanapowekwa ukutani, lakini hupungua nguvu. Ukurasa mmoja ulioondolewa katika kurasa karibu mia tatu ni kama ubeti mmoja ulionyofolewa katika utenzi: vina vyake vyasikika, ila safari yake imekatika. Mgeni ambaye hakukisoma kitabu huona panya waliovaa makoti, paka wenye kofia za kijeshi, akasema kwamba ni mchoro hodari, kisha akaenda zake. Kwa mgeni huyo maonyesho ni tangazo la kitabu. Ni kwa yule aliyekwisha kusoma tu kwamba yanakuwa kitu kingine, na kitu hicho chastahili kuelezwa.

Msomaji anapoukaribia ukurasa wa asili wa Maus hushangazwa kwanza na udogo wake. Ni desturi ya wachoraji wa katuni kuchora kwa ukubwa kuliko kitabu, kisha mpiga chapa hupunguza, na katika kupunguzwa huko mistari hukazana na makosa hupotea. Spiegelman alikataa msaada huo. Alichora kwa kipimo kile kile cha kuchapishwa, kwa kalamu ya wino ya kuandikia barua, juu ya karatasi za kawaida za taipu, na alipokosea alifuta kwa wino mweupe wa makarani. Alitaka mistari yake isomeke kama mwandiko wa mkono, kama kwamba mtu aliokota daftari la siri la mtu mwingine. Ndani ya kitabu kilichopigwa chapa nia hii yahisika bila kuonekana. Mbele ya karatasi yenyewe huonekana wazi: hapa wino mweupe umelala juu ya neno lililoachwa, pale mstari umerudiwa.

Michoro ya matayarisho nayo hushuhudia jambo ambalo kitabu hulificha, nalo ni mambo aliyoyakataa. Kurasa tatu za 1972 zimejaa vivuli na mistari ya kukatana, na panya wake ni wadogo wa kuhurumiwa mbele ya paka wakubwa. Baadaye alijaribu namna nyingine iliyofanana na michoro ya kuchongwa katika mbao, yenye weusi mzito na ufundi wa kujionyesha. Aliiacha. Ufundi ule ulimtangulia msomaji na kumwamuru ahuzunike, na huzuni iliyoamriwa si huzuni. Namna aliyoishika mwishowe ni nyepesi, karibu ya umaskini: vichwa vya panya vyenye nukta mbili za macho, visivyotofautiana ila kwa mavazi na mwenendo. Mchoraji aliyeweza kuchora vizuri kuliko hivyo alichagua kutochora hivyo. Uchaguzi huo ni tendo la adili kabla ya kuwa tendo la sanaa, na hapana mahali pa kuuona vizuri kuliko pale ambapo karatasi zilizokataliwa hukaa karibu na ile iliyokubaliwa.

Habari za panya na paka zataka neno zaidi, hasa kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye amelelewa na hadithi za wanyama. Katika hadithi za sungura na fisi, ngozi ya mnyama ni ufunguo wa tabia. Fisi ni mlafi kwa kuwa ni fisi; sungura hushinda kwa hila kwa kuwa ni sungura; na simba, pamoja na nguvu zake zote, huwa tayari kudanganywa. Msikilizaji ajua mwisho tangu jina linapotajwa. Msomaji wa namna hiyo akiingia katika Maus hutazamia kwamba panya watakuwa waoga na paka watakuwa wakali kwa maumbile yao, na hapo ndipo atakapopotea. Ngozi katika kitabu hiki haielezi tabia ya mtu yeyote. Miongoni mwa panya wamo mashujaa, wasaliti, wakarimu na wachoyo. Na Vladek mwenyewe, aliyeokoka kwa akili na subira, katika uzee wake ni mgumu wa mkono na ana chuki juu ya watu weusi, ingawa yeye aliteswa kwa ajili ya kabila lake. Ngozi yaeleza jambo moja tu: kwamba watawala wa Kinazi waliwatazama watu wa namna nyingi wakaamua kuwa ni wa namna moja, na ya kuangamizwa. Kwa hiyo mchoraji huitumia ngozi, kisha huipasua. Panya anayetaka kujifanya Mpoland huvaa kifuniko cha nguruwe kilichofungwa kwa kamba, na kamba yaonekana. Hadithi zetu za sungura humvika mtu ngozi ili aonekane alivyo. Maus humvika ngozi ili uonekane uwongo wa ngozi.

Sasa yafaa kufikia jambo ambalo ndilo moyo wa maonyesho haya, ingawa halikuwa limetundikwa popote. Anja, mama wa mchoraji, baada ya vita aliandika kumbukumbu zake katika madaftari kwa lugha ya Kipoland, akisema kwamba alitumaini siku moja mwanawe angependa kuzisoma. Katika buku la kwanza lote mwana anamdai baba yake madaftari hayo. Baba anasema labda yako hapa, labda yako kule. Mwisho wa buku anakiri kwamba baada ya kifo cha mkewe aliyachoma moto, kwa kuwa yalikuwa na kumbukumbu nyingi mno. Mwana anamwita baba yake mwuaji, na kitabu kinafungwa kwa neno hilo.

Mwenye kulikumbuka jambo hili hawezi kutembea katika vyumba vya Co-Mix kama alivyotembea mwanzo. Pande zote kuna karatasi: rasimu, vipande, majaribio, mabaki, hata vitu ambavyo mchoraji mwingine angevitupa kapuni. Kila kimoja kimetiwa katika fremu, kimewekewa kioo na taa na mlinzi. Na karatasi ambazo kwa ajili yake kazi yote ilianza hazipo wala hazitakuwapo kamwe. Sauti ya baba imehifadhiwa: mahojiano yake yalitolewa pamoja na kitabu MetaMaus mwaka 2011, na yeyote aweza kuyasikiliza. Sauti ya mama haikuhifadhiwa, na mengi yajulikanayo juu yake yamepitia kinywa cha mtu aliyeyachoma maneno yake. Wingi wa karatasi za mwana ni jibu kwa uhaba wa karatasi za mama. Mwana amehifadhi kila kitu kwa sababu baba hakuhifadhi kile kilichotakiwa.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba neno mabaki, lililotiwa katika jina la maonyesho, halikuwa la mzaha. Huenda lilikusudiwa kuwa hivyo, kwani mchoraji huyu hapendi kujisifu. Lakini kwa mtoto wa watu waliookoka, mabaki ni neno zito: wazazi wake wenyewe walikuwa mabaki ya jamaa kubwa, na picha chache za jamaa hao ndizo baba alizomwonyesha sakafuni siku moja, zikaanguka chini ya kiti chake kama majani. Maonyesho yoyote yanayotundika mabaki ya mtu huyu yanatundika pia kile kisichobaki, yakitaka yasitake.

Je, basi, heshima yenyewe yafaa? Swali hili halikuletwa na wahakiki; mchoraji alilileta mwenyewe, na mapema. Mwaka 1990 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho makubwa juu ya sanaa ya juu na sanaa ya watu wengi, ambamo katuni zilionekana hasa kama malighafi iliyotumiwa na wachoraji wakubwa. Spiegelman aliyahakiki maonyesho hayo kwa ukurasa mmoja wa katuni katika jarida la Artforum, akayacheka bila huruma. Mwaka uliofuata makumbusho hayo hayo yalimfungulia mlango, yakatundika kurasa za Maus. Mtu aweza kusema kwamba alinunuliwa. Lakini hilo si kweli, maana katika buku la pili, lililotoka mwaka huo huo, imo hukumu kali zaidi juu ya heshima ya namna hii. Mchoraji amejichora akiwa mtu aliyevaa kinyago cha panya, ameketi mbele ya meza yake ya kazi, akihesabu mafanikio ya buku la kwanza, huku nzi wakimzunguka. Kisanduku cha mwisho kinashuka chini, na meza yaonekana imesimama juu ya lundo la maiti. Waandishi wa habari na wachuuzi wanapanda juu ya maiti hizo kumfikia, na kila wanapomwuliza naye anapungua kimo, hata anakuwa mtoto mdogo kitini akimlilia mama yake.

Hapana maonyesho yawezayo kusema juu ya hatari ya maonyesho neno lililo zito kuliko ukurasa huo. Na imo nyingine inayolingana nao. Karibu na mwisho wa buku la pili imewekwa picha halisi ya Vladek akiwa kijana, amevaa sare ya mistari ya kambi, nayo ni safi na imemkaa vizuri. Haikupigwa kambini. Ilipigwa baada ya vita katika duka la mpiga picha aliyekuwa na sare ile kwa ajili ya watu waliotaka ukumbusho. Mtu aliyeteswa kweli amesimama katika vazi la kuigiza mateso yake mwenyewe, na picha hiyo ni ya kweli na ya uwongo kwa pamoja. Kila nyumba ya makumbusho inayoonyesha habari za mauaji yale ina kitu cha duka lile ndani yake. Haina budi kupanga taa, kusafisha kioo na kukifanya kisichotazamika kitazamike. Lililo bora iwezalo kufanya ni kutoficha kwamba imepanga.

Kwa kipimo hicho maonyesho ya New York yanastahili sifa kuliko lawama. Yangeweza kumtundika mshindi wa tuzo. Badala yake yalimtundika mfanyakazi. Tuzo huhesabu kazi iliyokwisha, bali rasimu huonyesha saa ambayo mwenye kazi hakujua kama itakwisha. Na huko Angoulême, yalikoanzia, Spiegelman aliitumia heshima yake kwa namna yenye somo: katika makumbusho ya hadithi za michoro ya mji huo alipewa nafasi ya kupanga upya hazina kama apendavyo, naye akawatundika mabwana waliomtangulia na waliomfunza. Aliyealikwa kuwa mgeni wa heshima alifanya kazi ya mwenyeji. Kasoro iliyobaki ni ile iliyotajwa kwanza, ambayo hapana mpangaji awezaye kuiondoa kabisa, kwamba ukuta hauwezi kufunuliwa kama kitabu.

Kasoro hiyo si ndogo, na miaka minane baada ya maonyesho kufungwa ilidhihirika. Mwezi wa Januari 2022 bodi ya elimu ya wilaya ya McMinn, katika jimbo la Tennessee, iliondoa Maus katika masomo ya darasa la nane. Sababu zilizotolewa zilikuwa maneno machache ya matusi na mchoro mdogo wa mwili usio na nguo. Na mwili huo ni wa Anja, maiti, katika beseni la kuogea. Tuzo ya Pulitzer haikuuzuia uamuzi huo, wala kuta za Paris, Köln na New York. Watu waliokasirika walikwenda madukani, na kitabu kikapanda tena juu ya orodha za vitabu vinavyonunuliwa zaidi, na mwaka huo huo mchoraji akapewa nishani ya taasisi inayotoa tuzo za taifa za vitabu vya Marekani. Lakini darasa lile lilibaki bila kitabu. Ugomvi wenyewe ulikuwa na maana. Watu hawakugombania karatasi ya asili yenye bima na kioo. Waligombania nakala za bei ndogo mikononi mwa watoto wa miaka kumi na mitatu. Aliyeogopa kitabu na aliyekipenda walipatana katika jambo hili, kwamba nguvu yake imo huko.

Kurasa nne ambamo mwana alichora kifo cha mama yake zilitoka mara ya kwanza zikiwa peke yake, miaka mingi kabla ya Maus kuwa kitabu. Alipozitia ndani ya buku la kwanza hakuzichora upya. Aliziweka kama zilivyokuwa, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza akachora mkono unaozishika. Ni mkono wake mwenyewe, anayesoma kazi yake ya zamani kwa uchungu; lakini umechorwa mahali ambapo kidole cha msomaji kimekaa, hata msomaji akitazama chini huona vidole viwili vimekishika kitabu kimoja, cha wino na cha nyama. Juu ya ukuta wa makumbusho ukurasa huo una mkono mmoja tu. Mgeni aliyeuona huko na kuusifu amefanya vema. Na aliyetoka hapo akaenda kukitafuta kitabu ametimiza lile ambalo maonyesho yaliweza kulianza tu.